Jinsi ya kumsoma Shakib Al Hasan kwenye kadi za mechi

Chukua daftari lenye mistari na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Bluu ni ya gongo, nyekundu ni ya mpira. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mwenzangu wa chumbani mwaka 2016, nilipokuwa mwanafunzi Gazipur, kaskazini ya Dhaka, na tangu hapo sijaona njia nyingine inayomtendea haki Shakib Al Hasan, mchezaji wa kriketi wa Bangladesh. Jedwali la wastani litakuonyesha mchezaji mzuri, basi. Kadi za mechi, yaani karatasi za alama za kila mchezaji, ukizisoma bluu na nyekundu kwa pamoja, zitakuonyesha kwa nini basi zima la abiria huko Dhaka lilikuwa linanyamaza kondakta anapoongeza sauti ya redio na kusema kaingia Shakib.

Kama umezoea soka tu, haya machache yanatosha kuanzia. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Mpigaji anakusanya mikimbio, mrushaji anatafuta namna ya kumtoa, na kila anayetolewa ni wiketi moja. Zikianguka kumi, zamu imekwisha. Ova ni mipira sita ya mrushaji mmoja. Mechi ya Testi huenda hadi siku tano na kila timu ina zamu mbili. Mechi ya siku moja ina ova 50 kwa kila upande, na ile fupi ina ova 20. Wachezaji wengi huitwa timuni kwa kazi moja, kupiga au kurusha. Anayeitwa kwa kazi zote mbili ni olaraunda. Najua wapo wanaopenda kumwita mchezaji kiraka, kama tunavyosema kwenye soka, lakini kwa Shakib nalikataa neno hilo. Kiraka hushonwa pale nguo ilipotoboka. Shakib alikuwa ndiyo nguo, kuanzia Agosti 2006 hadi Oktoba 2024.

Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto na kurusha kwa mkono wa kushoto, mpira wa polepole unaozunguka ukigusa ardhi. Likumbuke hili unaposoma majina ya aliowatoa.

Anza na Mirpur, Agosti 2017

Watu wengi huanza na mechi ya kwanza ya mchezaji kisha wakateremka mwaka baada ya mwaka. Usifanye hivyo. Utachoka kabla hujafika panaponoga. Anza na kadi moja iliyokamilika ili jicho lijue linatafuta nini, halafu ndipo urudi mwanzo.

Kadi hiyo ni Bangladesh na Australia, Testi ya kwanza, uwanja wa Sher-e-Bangla, Mirpur, Dhaka, tarehe 27 hadi 30 Agosti 2017. Kwa Shakib ilikuwa Testi ya 50, na kwa rafiki yake Tamim Iqbal pia. Kwa bluu andika 84, na chini yake 5 ya zamu ya pili. Kwa nyekundu andika wiketi 5 kwa mikimbio 68 aliyoachia, na chini yake 5 kwa 85. Sasa piga mstari wima upande wa kulia na ufungue safu ya tatu. Hiyo iite hali. Humo unaandika timu ilikuwa wapi alipoingia kupiga. Siku ile Bangladesh walikuwa wameshapoteza wapigaji watatu kwa mikimbio 10 tu. Pat Cummins alikuwa amewachanachana asubuhi. Shakib na Tamim wakaongeza 155. Ile 84 peke yake ni alama nzuri. Ile 84 ikikaa kando ya "10 kwa 3" ni kitu kingine kabisa, na jedwali la wastani halina mahali pa kuiweka.

Safu ya nne ni ya majina. Andika aliowatoa, na kila mmoja alikuwa na mikimbio mingapi. Mrushaji anayewatoa nambari tisa, kumi na kumi na moja, wapigaji dhaifu wa mwisho, anapata wiketi tatu sawasawa na yule anayewatoa nahodha na wafunguzi wawili, yaani wapigaji wa kwanza kuingia, na kadi ya juujuu haikwambii tofauti. Kwenye zamu ya mwisho Australia walihitaji 265. Shakib aliwatoa Usman Khawaja, David Warner akiwa na 112, Steve Smith akiwa na 37, Matthew Wade na Glenn Maxwell. Hakuna hata mmoja hapo aliyekuja kusindikiza.

Siku ya nne nilikuwa uwanjani. Ilikuwa siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, na barabara ya kutoka Gazipur kupitia Tongi na Uttara ilikuwa imejaa malori ya ng'ombe kiasi kwamba basi letu lilikuwa linatambaa. Mwenzangu alikuwa amefungasha begi la kwenda kwao Jashore, lakini akaapa haondoki Dhaka mpaka Warner atoke. Australia walianza asubuhi na 109 kwa 2, Warner na Smith wote wako ndani, na kwa saa ya kwanza uwanja mzima ulikuwa kama matanga. Kisha Warner akanaswa mguu mbele ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, 158 kwa 3. Smith akadakwa na mlinda wiketi, 171 kwa 4. Hapo ndipo nilipojua sauti ya watu wa Mirpur inaanzia miguuni, kwenye zege la jukwaa, kabla haijafika masikioni.

Walikwenda kula wakiwa 199 kwa 7. Mwenzangu hakula. Mpira wa kwanza baada ya mapumziko, Shakib akaviangusha vijiti vya Maxwell. Cummins akatutesa sana mwishoni, akabaki na 33 hajatoka, mpaka Taijul Islam alipomnasa Josh Hazlewood na Australia wakaishia 244. Ushindi wa mikimbio 20, wa kwanza kabisa wa Bangladesh dhidi ya Australia kwenye Testi. Mgeni niliyekaa naye bega kwa bega, mzee mwenye ndevu za hina, alinikumbatia akalia. Kadi ya mechi ile ninayo bado, imechanika kwenye mikunjo.

Sasa unajua daftari lako linahitaji nini: bluu, nyekundu, hali, majina, na mwisho matokeo. Nakusihi matokeo usiyaruke. Utaona sababu.

Sasa rudi nyuma

Magura ni mji mdogo kusini-magharibi ya Bangladesh. Shakib alizaliwa huko tarehe 24 Machi 1987, katika nyumba ya watu wa soka. Kipaji chake kilimfikisha Savar, nje ya Dhaka, kwenye chuo cha michezo cha serikali ambacho Wabangladeshi wote hukiita BKSP. Mechi ya kwanza ya kimataifa aliicheza Harare, Agosti 2006, mechi ya siku moja dhidi ya Zimbabwe: bluu 30 bila kutolewa, nyekundu wiketi 1. Testi ya kwanza ilikuja Mei 2007, dhidi ya India.

Kabla ya Testi hiyo kuna kadi unayopaswa kuikalia kidogo. Port of Spain, Trinidad, 17 Machi 2007, Kombe la Dunia. India walitolewa wote kwa 191. Kwenye zamu ya Bangladesh utaona vijana watatu wenye nusu mia: Tamim 51, Mushfiqur Rahim 56 bila kutolewa, na Shakib 53. Wote walikuwa chini ya miaka 21. Ushindi ule uliwasukuma India nje ya mashindano. Ukitaka kujua kikosi cha Bangladesh cha miaka kumi na mitano iliyofuata kilizaliwa wapi, ni hapo.

Kisha nenda Oktoba 2008, dhidi ya New Zealand. Hapa kuna tahadhari ya kukuokolea muda: kadi za zamani zinaandika Chittagong, na za baada ya 2018 zinaandika Chattogram. Ni mji uleule na uwanja uleule. Serikali ilibadilisha tahajia tu. Mimi nilipoteza jioni nzima nikidhani ni viwanja viwili. Kadi yenyewe: mpaka wakati huo Shakib alihesabiwa kama mpigaji anayejua kurusha kidogo. Kocha wa wakati huo, Jamie Siddons, akasema atamtumia kama mrushaji kamili. Shakib akaangusha wiketi 7 kwa mikimbio 36, rekodi ya nchi iliyodumu hadi 2014, Taijul alipochukua 8 kwa 39. Nyekundu hapo inawaka. Tazama sasa safu ya matokeo: walishindwa. New Zealand walifukuza lengo la zaidi ya mikimbio 300 na wakashinda kwa wiketi 3, yaani wakiwa wamebakiwa na wiketi 3.

Hili litajirudia mpaka likuume. Desemba 2011, Mirpur, dhidi ya Pakistan: bluu 144, nyekundu 6 kwa 82, Mbangladeshi wa kwanza kupata mia na wiketi tano katika Testi moja. Matokeo: wameshindwa kwa wiketi 7. Januari 2017, Wellington, mbali na nyumbani, kwenye upepo na majani mabichi: bluu 217, yeye na Mushfiqur wakiwa wameongeza 359 kwa pamoja, timu ikafunga zamu yake kwa hiari ikiwa na 595 kwa 8. Zamu ya pili bluu ni 0. Wakatolewa wote kwa 160, na New Zealand wakahitaji mikimbio 217 kushinda, idadi ileile aliyoipiga yeye peke yake. Wakaipata. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufunga mikimbio mingi namna ile kwenye zamu ya kwanza ya Testi kisha ikashindwa.

Mwenzangu alikuwa na desturi ya kuzungushia duara kila kadi ambayo Shakib kang'ara na timu ikaanguka. Ifuate. Ukifika 2017 utaona maduara mengi, na utaelewa kitu kuhusu kucheza olaraunda kwenye nchi iliyopata hadhi ya Testi mwaka 2000 na ikasubiri hadi Januari 2005 kupata ushindi wa kwanza. Mchezaji mwenye kipaji kama hicho akiwa Australia au Uingereza hupunguziwa mzigo na wenzake kumi. Shakib alikuwa akipiga kuokoa zamu, anapumzika kidogo, kisha anarusha ova thelathini kwenye joto la Dhaka, na kesho yake anarudi kupiga kuokoa zamu nyingine.

Weka pia herufi moja pembeni ya kila kadi: N kwa nyumbani, U kwa ugenini. Ardhi ya Mirpur ni nzito, nyeusi, na mpira unakuja polepole na kuzunguka, kwa hiyo warushaji wa aina yake wanafaidi. Ni haki kumpima kwa hilo. Usiishie hapo, ila. Grenada, Julai 2009, dhidi ya West Indies, herufi ni U: Mashrafe Mortaza, nahodha, alikuwa ameumia goti kwenye Testi ya kwanza pale Arnos Vale, Kingstown, na Shakib mwenye miaka 22 akakabidhiwa timu katikati ya mechi. Kwenye Testi ya pili alichukua wiketi 8 kwa jumla na akapiga 96 bila kutolewa kufukuza 215. Bangladesh wakashinda mfululizo wa kwanza wa Testi ugenini, 2 kwa 0. Andika pembeni pia kwamba West Indies walikuwa bila wachezaji wao wakuu kwa sababu ya mgogoro wa malipo. Daftari lisilo na mambo ya namna hiyo linakudanganya.

Khulna, Novemba 2014, dhidi ya Zimbabwe, ni kadi fupi kusoma: 137, kisha 5 kwa 80 na 5 kwa 44. Mia na wiketi kumi katika Testi moja. Kabla yake walikuwa wawili tu, Ian Botham wa Uingereza na Imran Khan wa Pakistan.

Hesabu mbili, kwa mpangilio

Baada ya kadi kama kumi hivi, ndipo ufungue jedwali la wastani. Si kabla.

Hesabu ya kwanza inajulikana: chukua wastani wa kupiga (mikimbio kwa kila anapotolewa), toa wastani wa kurusha (mikimbio anayoachia kwa kila wiketi); tofauti ikiwa kubwa ndivyo bora. Kwenye Testi Shakib ana mechi 71, mikimbio 4,609 kwa wastani wa 37.77, na wiketi 246 kwa wastani wa 31.72. Tofauti ni 6.05. Botham ni 33.54 kutoa 28.40, yaani 5.14. Kapil Dev wa India ni 31.05 kutoa 29.64, yaani 1.41. Imran Khan anafika karibu 15. Halafu unakutana na Jacques Kallis wa Afrika Kusini, 55.37 kutoa 32.65, na Garfield Sobers wa West Indies, 57.78 kutoa 34.03, na unaanza kudhani Shakib ni mdogo.

Hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu, na ndipo ninapowaomba wafanye hesabu ya pili. Gawanya wiketi kwa mechi. Kallis alichukua wiketi 292 katika Testi 166, chini ya mbili kwa mechi. Sobers 235 katika 93, mbili na nusu. Shakib 246 katika 71: karibu tatu na nusu kwa kila mechi. Botham yuko mbele yake kidogo, Imran mbele zaidi. Sasa gawanya mikimbio kwa mechi: Shakib karibu 65, Botham 51, Imran 43. Kallis na Sobers wako juu sana kwenye bluu, kwa kuwa walikuwa wapigaji wakuu wa dunia waliorusha pia. Botham na Imran walikuwa juu kwenye nyekundu. Mtu wa kati, anayefanya kazi kamili ya mrushaji mkuu na kazi kamili ya mpigaji wa nafasi ya tano kwa wakati mmoja, ni adimu kupita kiasi, na huyo ndiye Shakib. Sisemi ni bora kuliko Sobers. Nasema kazi aliyopewa ilikuwa nzito kwa namna nyingine.

Kuhusu Testi 71 katika miaka kumi na saba: James Anderson wa Uingereza alicheza 188 kati ya 2003 na 2024. Bangladesh haialikwi mara nyingi, na mfululizo wake mara nyingi una mechi mbili tu. Kwa hiyo usimhesabie Shakib jumla za wenye mechi nyingi. Mhesabie kwa mechi.

Kwenye mechi za siku moja tofauti yake ni kubwa zaidi. Mechi 247, mikimbio 7,570 kwa 37.29, wiketi 317 kwa 29.52. Kwenye ova 20 ana wiketi 149, na alicheza kila Kombe la Dunia la ova 20 kuanzia la kwanza, 2007, hadi la 2024. Mwaka 2015 orodha ya kimataifa ilimweka nambari moja wa olaraunda kwa aina zote tatu za mchezo kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ukurasa wa 2019

Kombe la Dunia la 2019, Uingereza, lipe ukurasa wake mzima. Shakib aliomba kupiga nafasi ya tatu, juu zaidi ya alivyozoea, na watu wengi Dhaka hawakulipenda wazo hilo. Andika kwa bluu, mstari baada ya mstari: 75 dhidi ya Afrika Kusini, 64 New Zealand, 121 Uingereza, 124 bila kutolewa West Indies, 41 Australia, 51 Afghanistan, 66 India, 64 Pakistan. Jumlisha mwenyewe kwa mkono. Ni 606, na alama ndogo kuliko zote ni 41.

Kwenye mstari wa Afghanistan, Southampton, ongeza nyekundu: 5 kwa 29. Kwenye mstari wa West Indies, Taunton, andika hali: walikuwa wakifukuza 322, na yeye na Liton Das wakazimaliza huku zimebaki mipira 51. Jumla ya wiketi zake ni 11. Hakuna mwingine aliyewahi kufikisha mikimbio 600 na wiketi kumi katika Kombe moja la Dunia. Kisha nenda safu ya matokeo na uzungushie maduara yako: Bangladesh walimaliza nafasi ya nane kati ya timu kumi. Nilizitazama mechi zile kwenye ukumbi wa bweni, tukiwa zaidi ya mia mbele ya televisheni moja, na usiku wa India, ndoto ilipokwisha, hakuna aliyeinuka kuizima.

Kurasa ambazo utatamani kuziruka

Tarehe 29 Oktoba 2019, miezi mitatu na kitu baada ya mashindano yale, Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimfungia miaka miwili, mmoja ukiwa umesimamishwa. Andika kosa kwa usahihi, kwa kuwa watu hulikosea kwa pande zote mbili. Hakushtakiwa kwa kuuza mechi. Alishtakiwa kwa kutoripoti kwamba alifuatwa na mtu aliyetaka habari za ndani, mara tatu, na alikiri. Kanuni inamtaka mchezaji aripoti mara moja, na mchezaji mwenye miaka kumi na tatu kwenye kriketi ya kimataifa anaijua. Nilikuwa bado Gazipur. Mwenzangu alifunika daftari lake kwa wiki nzima, na mimi sikujua la kumwambia.

Acha ukurasa huo mtupu, wenye tarehe mbili tu juu na chini. Kisha andika kadi ya kurudi: 20 Januari 2021, Mirpur, dhidi ya West Indies, nyekundu 4 kwa 8.

Zipo nyingine. Bodi ya nchi yake ilimsimamisha mwaka 2014 kwa utovu wa nidhamu. Juni 2021 alipiga teke vijiti mbele ya mwamuzi kwenye ligi ya Dhaka. Na Delhi, 6 Novemba 2023, Kombe la Dunia dhidi ya Sri Lanka: mkanda wa kofia ya Angelo Mathews ulikatika, dakika mbili za kujiandaa zikapita, Shakib akadai na mwamuzi akamtoa. Hakuna mpigaji aliyewahi kutolewa kwa kuchelewa katika kriketi ya kimataifa kabla ya siku hiyo. Kanuni ilikuwa upande wake. Mimi ningependa angeiacha, na naliandika hilo kwa penseli pembeni ya bluu 82 yake, kwa sababu zote mbili ni za siku moja na mtu mmoja. Kidole kilivunjika siku hiyo pia, na hiyo ndiyo kadi yake ya mwisho ya siku moja kufikia nilipofunga daftari hili.

Ukifika kadi za mwisho, angalia majina vizuri. Kuanzia Septemba 2023 kuna Tanzim Hasan Sakib, kijana mrushaji wa kasi. Ukimchanganya na Shakib hesabu yako yote ya nyekundu itaharibika.

Mwaka wa mwisho

Januari 2024 Shakib alichaguliwa mbunge wa Magura kwa tiketi ya Awami League, chama kilichotawala wakati huo, akiwa bado mchezaji. Julai wanafunzi waliingia mitaani, wengi wakauawa, na tarehe 5 Agosti serikali ikaanguka. Watu waliokuwa wakimwimba hawakumsamehe ukimya wake wa wiki zile. Wengine ni marafiki zangu, waliokuwa barabarani. Siwezi kuwaambia warudi kwenye kadi ya Mirpur 2017, na sitaki nawe uitumie kadi kumfutia mtu hesabu ya aina nyingine. Andika tarehe hizo kwa kalamu ileile, kati ya mechi na mechi.

Juni 2024, mechi yake ya mwisho ya ova 20 kwa Bangladesh ilichezwa Arnos Vale, Kingstown, uwanja uleule alikokabidhiwa timu akiwa na miaka 22. Bluu ni 0, kwa mpira wa kwanza. Septemba, kabla ya Testi ya Kanpur dhidi ya India, alitangaza kwamba anaachana na ova 20, na kwamba anatamani kuagana na Testi pale Mirpur, Oktoba, dhidi ya Afrika Kusini. Alitajwa kikosini. Nje ya uwanja kukawa na maandamano ya kumpinga, na kwa sababu za usalama akaondolewa. Hakuja.

Kadi hiyo hana jina humo, lakini iandike. Mirpur, inaanza 21 Oktoba 2024. Bangladesh 106 wote nje kwenye zamu ya kwanza. Matokeo, wameshindwa kwa wiketi 7. Kwa nyekundu, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyechukua wiketi tano ni Taijul Islam, na humo akafikisha wiketi 200 za Testi. Kwa bluu, aliyepigana zaidi zamu ya pili ni Mehidy Hasan Miraz, 97. Mwenzangu alinipigia simu usiku ule kutoka Jashore kuuliza nimeziandika kwenye mistari miwili au mmoja. Miwili, nikamwambia.